Sakiti ya Kuchota na Kushika: Kumbukumbu za Meza Moja ya Fundi Somanda

Sakiti ya kuchota na kushika, ambayo kwa Kiingereza huitwa sample and hold, ina kazi mbili tu. Pigo la umeme linapofika, huchota volti iliyopo mlangoni wakati ule. Pigo likishapita, huishika volti hiyo ilivyo mpaka pigo jingine lije. Ni kama mtu anayechota maji mtoni kwa kata: mto haumngoji, unaendelea na safari yake, lakini maji yaliyomo kwenye kata ni yaleyale mpaka achote tena.

Ndani ya sinthesaiza, yaani kinanda kinachounda sauti kwa umeme kuanzia mwanzo, kinachochotwa mara nyingi ni mvumo usio na mpangilio, kama ule wa redio iliyo katikati ya stesheni mbili. Kila pigo huchota kimo chake, na kila kimo huwa noti. Mapigo yakienda manane kwa sekunde, husikika mfululizo wa noti ambazo hakuna aliyezipanga, zikidunda huku na huku kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Sauti hiyo si ngeni kwa yeyote aliyewahi kusikia muziki wa filamu za zamani za anga za juu. Kompyuta zinazowaza kwa sauti, katika filamu hizo, ziliwaza kwa noti za namna hii.

Maumbile yake ni mepesi. Kuna mlango, ambao ni swichi ya kielektroniki inayofunguliwa na pigo. Kuna kata yenyewe, ambayo ni kapasita. Halafu kuna opampu inayosoma volti ya kapasita na kuipeleka mbele bila kuigusa. Tofauti kati ya sakiti inayofanya kazi na inayokwama imo ndani ya neno hilo, kuigusa.

Uongozaji wa sauti kwa volti ulishika kasi Marekani katika miaka ya 1960, kwa kazi za Robert Moog na Don Buchla, na ARP 2600 iliyotoka mwaka 1971 ilikuwa na kuchota na kushika ndani yake. Kutoka kwa Moog ulienea mpango wa volti moja kwa okteva moja: volti ikipanda 1, noti hupanda okteva nzima. Kwa hiyo nusu toni moja ni takriban milivolti 83, na sehemu moja ya mia ya nusu toni haifiki milivolti 1. Tarakimu hizi mbili zitahitajika hadi mwisho wa maelezo haya, kwa sababu ndizo zinazoonyesha jinsi sikio lilivyo kali kuliko vyombo vingi vya fundi.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake mashuhuri. Brian Bamanya wa Uganda, anayefahamika kwa jina la Afrorack, alianza kujiundia moduli zake kwa sababu zile za dukani zilikuwa ghali mno, na mwaka 2022 albamu yake ilitolewa na Hakuna Kulala, lebo yenye makao Kampala. Mara nyingi hutajwa kuwa muundaji wa kwanza wa sinthesaiza ya moduli barani. Alikuwepo aliyemtangulia au hakuwepo, jambo lililo kubwa ni kwamba alionyesha chombo cha aina hii kinaweza kuzaliwa kutokana na vifaa vinavyopatikana hukuhuku, kwa mtu mwenye subira na pasi ya kulehemu.

Sanduku la kuchota na kushika linalosimuliwa hapa liliundwa Somanda, katika mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alilijenga kwenye kona ya fremu ya fundi redio, katikati ya subufa zilizopasuka koni na redio zinazongoja wenyewe. Vipande vingi vilitoka kwenye bodi zilizokufa: redio kaseti, deki za DVD, UPS, pawasapulai za kompyuta. Vilivyokosekana vilifuatwa Mwanza kwa basi, kupitia Lamadi na Magu, safari ya zaidi ya kilomita mia moja kwa ajili ya kapasita inayoenea kwenye kiganja pamoja na nyingine hamsini. Umbali huo hufundisha kupima kabla ya kutupa. Anayeishi jirani na maduka ya vifaa hubadilisha kila kitu mpaka sakiti inyamaze au iimbe. Somanda ni lazima kujua ni kipande gani hasa kilichokosea.

Kutafuta hitilafu huanza kwenye umeme wenyewe, na hapo hapahitaji maneno mengi. Volti chanya iwepo, hasi iwepo, na katikati pawe sifuri. Kosa la kwanza la sanduku la Somanda lilikuwa hapo. Swichi iliyotumika ni IC ya 4066, yenye milango minne ndani ya kipande kimoja, na ilipewa volti 12 chanya na 12 hasi kama opampu zilizo jirani yake. Jumla ni volti 24, na 4066 haivumilii zaidi ya 20. Ilipata moto mpaka kidole hakikuweza kukaa juu yake, ikaacha milango yote minne wazi moja kwa moja. Dawa ilikuwa kuipunguzia kwa dayodi za zena za volti 6.8, moja kila upande.

Dawa hiyo ikazaa kosa la pili, ambalo huwapata wengi. Mlango wa 4066 hufungwa pale tu pigo linaposhuka hadi upande wa hasi kabisa. Saa ya mapigo iliyojengwa kwa IC ya 555 ilikuwa inatoa kati ya sifuri na chanya, na kwa swichi inayoishi kati ya hasi 6.8 na chanya 6.8, sifuri ni katikati. Kwa hiyo mlango haukuwahi kufungwa. Ulikuwa unaegeshwa tu. Dalili yake ni kwamba noti hubadilika kwa pigo kama inavyotakiwa, lakini chini yake mvumo unasikika muda wote, kama mlango wa nyumba usiofungika vizuri unaopitisha kelele za barabarani. Transista moja na rezista tatu za kusogeza pigo mpaka upande wa hasi zilimaliza tatizo hilo.

Urefu wa pigo nao unastahili kuangaliwa mapema. Mlango wa 4066 una ukinzani wa omu mia na kitu, na kapasita ya nanofaradi 10 hujaa kupitia mlango huo ndani ya mikrosekunde chache. Pigo la sehemu moja ya kumi ya milisekunde linatosha na kubaki. Likiwa refu mno, sakiti huacha kuchota na badala yake hufuatilia: mvumo hupita wote wakati mlango uko wazi, na noti huanza kwa mkwaruzo. Likiwa fupi mno, au pakiwa na rezista kubwa kabla ya mlango, kapasita haijai na noti mpya hubaki njiani kati ya ile ya zamani na ile iliyotakiwa. Sanduku la Somanda liliwahi kusukumwa na ngoma badala ya saa: kile kidude cha shaba cha kutoa mlio kwenye saa ya mezani kiliondolewa na kufungwa kwenye ukingo wa ngoma, ili kila kipigo cha mkono kichote noti. Ngozi ya ngoma hutetemeka baada ya kupigwa, na kila mtetemo ulihesabiwa kuwa kipigo kipya. Mkono mmoja ulichota noti tano. IC nyingine ya 555, iliyopangwa kukataa pigo lolote kwa milisekunde 60 baada ya la kwanza, iliondoa utata huo, na tangu hapo ngoma na sanduku vilielewana.

Chanzo cha mvumo kilileta fumbo lililochukua siku nyingi zaidi kuliko lilivyostahili. Njia ya kawaida ni kuchukua transista ndogo, kama C945 inayojaa kwenye bodi za zamani, na kuipa umeme kinyumenyume kati ya emita na bezi mpaka ivunje kizuizi chake. Kuvunja huko hutokea kama kwenye volti 7 hadi 9, na hapo transista huvuma. Betri ya volti 9 iliyoanza kuchoka haifiki, na mvumo hufifia hadi noti zote zinakuwa karibu sawa. Hilo lilijulikana mapema. Fumbo lilikuwa jingine: sanduku likichomekwa kwenye umeme wa TANESCO, noti hazikuruka ovyo. Zilipanda taratibu, zikashuka taratibu, zikapanda tena, kama mtu anayepanda na kushuka ngazi ileile. Likiwashwa kwa betri ya sola, zinaruka kama kawaida.

Jibu liko kwenye hesabu. Umeme wa gridi hutetemeka mara 50 kwa sekunde, na mtetemo huo ulikuwa umeingia kwenye mvumo kupitia waya mrefu usiokingwa, ukawa mkubwa kuliko mvumo wenyewe. Saa ya mapigo ilikuwa ikienda takriban mara 9.9 kwa sekunde. Kuchota mara 9.9 kitu kinachozunguka mara 50 ni kukikuta kila safari kikiwa kimezunguka mara tano na ziada kidogo, na ziada hizo zikijumlishwa huwa mzunguko mmoja kila sekunde 2. Sakiti haikuwa imeharibika. Ilikuwa inachota kwa uaminifu kabisa mawimbi ya gridi ya taifa na kuyageuza kuwa wimbo wa polepole. Fundi akisikia ngazi ya namna hiyo asiguse IC yoyote. Azungushe kitufe cha kasi ya saa. Kama ngazi inabadilika kasi, na hata kugeuka upande kwa kusogeza kitufe kidogo tu, chanzo ni mtetemo wa 50. Waya mfupi wenye kinga na transfoma iliyosogezwa mbali vilitosha.

Yote hayo ni ya upande wa kuchota. Upande wa kushika ndio mgumu, na ndio unaostahili muda.

Hitilafu ya kushika husikika wazi: noti haitulii, huteleza. Mapigo yakiwa ya haraka haionekani, kwa kuwa noti mpya hufika kabla ile ya zamani haijateleza mbali. Punguza kasi mpaka pigo moja kila sekunde tatu, na kila noti inazama kama ndege wa karatasi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kila fundi ni kuchukua mita na kugusa kapasita ili kuona volti inapungua kwa kasi gani. Ndivyo ilivyofanyika Somanda pia. Mita ilionyesha tarakimu ikiporomoka papo hapo: volti 4, kisha 0.3, kisha sifuri, kabla jicho halijasoma vizuri. Kapasita ikatolewa na kuwekwa nyingine. Vilevile. Swichi ikabadilishwa. Vilevile. Opampu ikabadilishwa. Wiki mbili zikaisha hivyo, na safari moja ya Mwanza ndani yake.

Mzee mwenye fremu, fundi aliyeanza kazi enzi za redio za mbao, alikuwa akiangalia tu huku akifunga koili. Siku moja akaweka koili chini.

“Mwanangu, mita yako inakunywa.”

Maelezo yake yalikuwa ya kifundi kabisa. Mita ndogo ya njano inayouzwa kila mahali ina ukinzani wa ndani wa megaomu 1. Ikigusa kapasita ya nanofaradi 10, huipunguzia karibu theluthi mbili ya volti yake kila sehemu ya mia ya sekunde, na ndani ya sehemu tano za mia imebaki tupu. Mita bora, yenye megaomu 10, hufanya hivyohivyo ndani ya nusu sekunde. Mita yake mwenyewe ya mshale, aliyoitunza kama jicho, ingekunywa haraka kuliko zote mbili. Hakukuwa na uvujaji wowote ule uliokuwa ukifukuzwa kwa wiki mbili. Kilichokuwa kinavuja ni kipimo.

Hakuna somo la meza ile lililozama zaidi ya hilo. Vyombo vya fundi huaminiwa kwa mazoea, kwa sababu kwenye redio na ampu havidhuru: hapo umeme ni mwingi, na inachokunywa mita ni tone. Kwenye kapasita inayoshika, kilichopo ni nanofaradi 10 zilizojazwa mara moja na kuachwa bila chanzo kinachoendelea kuzijaza. Kila kinachogusa huchukua. Opampu ya kusomea iliwekwa pale kwa ajili ya hiyohiyo, na mita ina mahali pake: mlangoni pa kutokea, baada ya opampu, ambapo inaweza kunywa itakavyo.

Kipimo kilipohamishiwa hapo, noti ilionekana bado inateleza, ila polepole zaidi. Sasa kulikuwa na hitilafu ya kweli, na ya kweli ina mwelekeo. Jaribio lake ni jepesi na halihitaji chombo cha gharama: shika volti chanya, tazama inaelekea wapi, kisha shika volti hasi, tazama tena. Zikienda zote mbili kuelekea sifuri, uvujaji unaenda ardhini au uko ndani ya kapasita yenyewe. Zikishuka zote, kuna njia ya kwenda kwenye umeme wa hasi. Zikipanda zote, kuna njia kutoka upande wa chanya, au opampu yenyewe inasukuma. Na kama mwelekeo unabadilika kila unapobadilisha volti iliyo mlangoni, basi mlango haufungi vizuri.

Kwenye sanduku la Somanda zote mbili zilipanda, kwa kasi ya karibu volti 3 kila sekunde. Okteva tatu. Opampu iliyokuwa pale iliandikwa TL072, ambayo miguu yake ya kuingilia huchukua makumi machache ya pikoampea. Kwa kapasita ya nanofaradi 10 hiyo ni milivolti kadhaa tu kwa sekunde. Volti 3 kwa sekunde ni nanoampea 30, yaani mamia ya mara zaidi, na hicho ni kiwango cha kawaida cha LM358, opampu ya bei nafuu inayopatikana ndani ya chaja nyingi. Tena LM358 ina tabia ya kutoa mkondo kupitia mguu wake wa kuingilia badala ya kuuchukua, hivyo kapasita hujaa pole pole na noti hupanda. Mwelekeo na kasi vyote vilishuhudia kitu kimoja: maandishi ya juu hayakuwa ya kweli. Duka lililouza halina haja ya kutajwa. Huenda nalo liliuziwa hivyo.

Kwa fundi aliye mbali na duka, jaribio la kutofautisha hizo mbili ni la thamani kubwa, na hufanyika kwa betri moja ya volti 9. IC huunganishwa hasi ya betri kwenye mguu wa 4 na chanya kwenye wa 8, mguu wa 1 huunganishwa na wa 2, na wa 3 hupelekwa kwenye hasi. Mguu wa 1 hupimwa. LM358 hushuka hadi karibu kabisa na sifuri. TL072 halisi haiwezi: hubaki juu kwa volti moja au zaidi, na pengine huruka mpaka karibu na volti za betri. Tangu siku hiyo kila IC iliyotoka Mwanza ilipita kwenye betri ile kabla ya kuona pasi.

TL072 halisi ilipowekwa, noti zilitulia. Ilikuwa Agosti, kiangazi cha Simiyu, pamba imekwisha kuvunwa na vumbi liko kwenye kila kitu. Sanduku lilifungwa na kuhesabiwa kuwa limepona.

Mvua za kwanza zilipofika, noti zikaanza kuteleza tena. Safari hii zilishuka, chanya na hasi kwa pamoja, kwa nusu volti kila sekunde. Mchana jua likitoka zilitulia kidogo. Jioni, bati likiwa limelowa na hewa ikinuka udongo, zilizama. Hesabu ilikuwa hivi: nusu volti kwa sekunde kwenye nanofaradi 10 ni nanoampea 5, na tofauti ya volti kati ya kapasita na waya wa hasi uliopita jirani yake ilikuwa kama 15. Gawanya, unapata gigaomu 3. Mita ya njano hupima ukinzani mpaka megaomu 2 tu. Kwa kitu kilicho mara elfu moja na mia tano zaidi ya hapo, huandika 1 upande wa kushoto, ishara kwamba hakuna muungano. Kwa mita, kati ya nyaya hizo mbili palikuwa na hewa tupu. Kwa kapasita, palikuwa na barabara.

Barabara hiyo ilikuwa ya flaksi na vumbi. Utomvu unaobaki baada ya kuchomea, ule unaong'aa kama asali iliyokauka, haupitishi umeme ukiwa mkavu. Vumbi la kiangazi likishaganda juu yake, na unyevu wa mvua ukaingia ndani ya vumbi, hupatikana utando mwembamba unaopitisha nanoampea chache. Redio haitajua. Ampu haitajua. Sakiti ya kuchota na kushika inajua ndani ya sekunde moja, kiasi kwamba ingeweza kutumika kama kipima mvua.

Usafi ulifanywa kwa spiriti na mswaki wa zamani, mara mbili, kwa kuwa safari ya kwanza huyeyusha utomvu na kuutandaza mahali pengine. Bodi ikaachwa juani nusu siku. Baada ya hapo kikaja kitu ambacho kila mjenzi angepaswa kukifanya tangu mwanzo: mguu wa kapasita, mguu wa 3 wa opampu na mguu wa swichi viliinuliwa juu ya bodi na kuunganishwa hewani, bila kugusa kitu kingine chochote. Haupendezi machoni, muungano ule unaoning'inia. Lakini hewa, hata hewa ya mvua, hushika vizuri kuliko bodi yoyote iliyopita mikononi mwa fundi. Anayetaka muungano nadhifu anaweza kuuzungushia mstari wa shaba ulioungwa na mguu wa kutokea wa opampu; mstari huo una volti ileile ya kapasita, kwa hiyo kati yao hakuna kinachosukuma mkondo kupita.

Mambo madogo yaliyobaki hayakuhitaji siku nyingi. Kapasita za kahawia za kauri zenye maandishi 103, zinazopatikana kila mahali, zina nanofaradi 10 kweli, lakini hazifai kwa kushika: baada ya kuchota noti mpya hukumbuka kidogo ile ya zamani na kuirudia, kama nguo iliyokunjwa inayorudi kwenye mikunjo yake. Kapasita za polipropilini, au zile za polisitirini zinazopitisha mwanga kwenye redio za zamani sana, hukumbuka kidogo mno. Joto nalo lina sehemu yake, kwani uvujaji wa opampu za aina ya TL072 huelekea kuongezeka maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10, na chini ya bati saa nane mchana nyuzi hizo hupatikana bila kutafutwa. Na kila mlango unapofunga, pigo huacha alama yake kwenye kapasita, milivolti chache zinazosogeza kila noti kwa kiasi kilekile. Hizo haziponi, na haziumizi, kwa sababu zinasogeza zote pamoja.

Kipimo cha mwisho kilifanyika bila mita kabisa. Mita ya njano kwenye kipimo cha volti 20 husoma kwa hatua za milivolti 10, hatua ambayo ni kubwa kuliko sehemu ya kumi ya nusu toni. Sikio hufanya vizuri zaidi. Noti iliyoshikwa ilipelekwa kwenye kinanda, na pembeni yake ikawekwa noti ya herzi 440 kutoka kwenye simu. Noti mbili zinazokaribiana hupigana na kutoa mawimbi yanayovuma na kunyamaza. Kama tofauti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni, mawimbi hayo huja mara moja kila sekunde nne. Sikio la mtu yeyote aliyetulia linaweza kuyahesabu.

Ilikuwa jioni ya mvua, maji yakitiririka kwenye mfereji wa mbele ya fremu na umeme umekatika, sanduku likiwa kwenye betri. Mzee alizima redio aliyokuwa akiijaribu. Pigo moja lilipigwa kwenye ngoma, noti ikachotwa, na kitufe kikazungushwa taratibu mpaka noti hiyo ilipokutana na ile ya simu na mawimbi yakapotea. Kisha hakuna aliyegusa kitu. Sekunde moja baadaye mawimbi yakaanza kurudi, polepole kwanza, kisha haraka kidogo. Kufikia sekunde ya kumi na tano yalikuwa karibu 20 kwa sekunde, na simu ikaonyesha kwamba noti imeshuka kwa robo tatu ya nusu toni: milivolti 60 na ushee, yaani 4 kwa sekunde, kiwango ambacho TL072 yenyewe inakiruhusu. Bodi haikuchangia chochote kinachopimika.

Sanduku lile husafishwa kwa spiriti kila mwisho wa Septemba, kabla ya mawingu.